Mdomo wa Sinki na Ukingo wa Jiwe: Amua Kabla Fundi Hajakata

"Mama, tukate ndani ama nje?"

Fundi aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa uani kando ya bamba la granaiti, penseli sikioni, grainda mkononi. Nilikuwa nimebeba birika la chai ya mafundi, na akili yangu yote ilikuwa kwenye rangi ya kabati. Nikamjibu, "Fanya vile unaona inafaa, fundi." Akakata ndani.

Mwaka wa pili jikoni kukaanza kunuka. Nilidhani ni bomba la maji machafu. Nikamwaga maji moto, nikamwaga magadi, nikamwita fundi wa mabomba akafungua mkunjo ulio chini ya sinki na kuuosha. Baada ya siku tatu harufu ikarudi. Jioni moja nikisugua sinki, kidole kilipita chini ya ukingo wa jiwe, mahali ambapo jicho halifiki. Kilitoka na utelezi mweusi uliochanganyika na majani ya chai. Nilipochukua kioo kidogo na tochi ya simu, niliuona mstari huo mweusi umelizunguka sinki lote.

Ndipo nilipoelewa nilikuwa nimeulizwa nini. Hapa Kiamunyi, Nakuru, wengi tunabomoa jikoni za zamani, zile za sinki la kupachika juu ya terazo au vigae, na kuweka granaiti yenye sinki lililofichwa chini yake. Ni kazi nzuri na jikoni hupendeza. Lakini jiwe likishakatwa halirudi, na mahali linapokutana na sinki ndipo maji, mabaki ya chakula na mkono wako vitakutana kila siku kwa miaka mingi. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kujibu swali la fundi kabla hajawasha mashine.

Njia tatu za kukutanisha sinki na jiwe

Sinki la chini ya kaunta, ambalo mafundi huliita andamaunti, lina mdomo: ile bapa inayozunguka sehemu ya juu ya bakuli lake, yenye upana wa sentimita 2 au 3 hivi. Mdomo huo hubanwa chini ya jiwe, na jiwe hutobolewa tundu. Tofauti yote inatokana na ukubwa wa tundu ukilinganisha na bakuli.

Kukata nje ni kutoboa tundu kubwa kidogo kuliko bakuli. Ukisimama mbele ya sinki unaona kijukwaa chembamba cha mdomo, milimita 3 hadi 6, kimezunguka kati ya jiwe na bakuli. Maji na makombo hutua hapo, na hilo ndilo lalamiko kubwa dhidi ya njia hii. Lakini unayaona, na kitambaa kinayafikia kwa mpigo mmoja. Mstari wa silikoni nao uko wazi: ukianza kuachia au kubadilika rangi, utajua siku hiyo hiyo.

Kukata ndani ni kutoboa tundu dogo kuliko bakuli, ili jiwe lijitokeze juu ya sinki kama ukingo wa paa, kwa kawaida milimita 3 hadi 6. Mdomo wote unafichika, silikoni haionekani, na kosa dogo la fundi katika kukata halijulikani. Kwa macho ni safi kabisa. Shida iko chini ya ukingo huo: ni mahali penye giza na unyevu, ukungu unapapenda na huwezi kupaona bila kuinama. Jiwe lenyewe pia limebaki wazi bila kinga, na sufuria inayoinuliwa kutoka ndani ya sinki huligonga kwa chini.

Kukata sawasawa ni kuulinganisha ukingo wa jiwe na ukuta wa bakuli, visipishane. Hakuna kijukwaa wala kificho, na maji hushuka moja kwa moja. Ikitoka vizuri, hii ndiyo njia safi kuliko zote. Lakini haisamehe. Jiwe likipinda milimita moja tu upande mmoja, utaona mdomo huku na kificho kule, na jicho litavutwa hapo kila siku. Pembe za tundu lazima zifuate mviringo wa pembe za sinki bila kukosea. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, au fundi mwenye mkono wa nadra. Ukiambiwa kwamba itakatwa kwa grainda ya mkononi, omba kwanza uone sinki alilokwisha kulifanya hivyo, uliguse kwa kidole pande zote nne.

Msimamo wangu ni huu: kwa jikoni nyingi za huku kwetu, kata nje, milimita 3 pande zote. Uchafu unaouona utaufuta. Sababu nyingine zinatokana na namna tunavyoishi.

Jikoni kwako kunatumikaje?

Anza na vyombo. Sufuria ya ugali ya familia ni nzito, na hulowekwa ndani ya sinki hadi ukoko ulainike. Ukiinyanyua, inagonga ukingo. Jiwe likiwa limejitokeza, pigo linatua kwenye ncha yake nyembamba, na granaiti ikimeguka haizibiki vizuri. Jiwe likiwa limerudi nyuma milimita 3, sufuria hukutana na chuma kwanza.

Fikiria maji. Mfereji ukikauka, tunaoshea vyombo kwenye beseni la plastiki lililowekwa ndani ya sinki, ili maji ya suuza yamwagiwe choo au maua. Pima beseni lako kabla ya kununua sinki. Ukikata ndani milimita 6 kila upande, mlango wa sinki unapungua milimita 12, na beseni lililokuwa likiingia vizuri sasa litakwama.

Fikiria pia mtungi. Maji ya visima vingi katika eneo letu la Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayotia meno madoa ya kahawia, na familia nyingi huweka maji ya kunywa kando. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ukitaka kumimina, unauegemeza wapi? Pale pale mbele ya sinki, kwenye mkanda mwembamba wa jiwe ambao ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo mwambie fundi mkanda wa mbele usipungue sentimita 7, na ncha ya juu ya ukingo aivingirishe kidogo. Ncha kali humeguka upesi na hukwaruza mkono.

Kisha kuna vumbi. Jina la Nakuru lenyewe linahusishwa na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na sisi tulio kwenye miteremko ya Menengai hatuhitaji kuelezwa. Mwezi wa Januari, dirisha lililo juu ya sinki likiachwa wazi asubuhi, kufikia saa sita unaweza kuandika jina lako kwenye kaunta. Vumbi hilo likikutana na maji na mafuta ya chakula huwa tope laini linaloshika kila pembe. Pembe iliyo wazi huoshwa. Iliyojificha hujaa.

Mwisho, jiulize ni nani anayeosha vyombo. Ikiwa ni wewe mwenyewe na uko tayari kupitisha brashi chini ya ukingo kila jioni, kukata ndani kunaweza kukufaa. Ikiwa ni watoto kwa zamu, au dada wa kazi mwenye mambo kumi mengine ya kufanya, usimwachie mtu kazi ambayo macho yake hayaioni.

Na ikiwa nyumba ni ya kupangisha, weka sinki la kupachika juu. Hubadilishwa kwa saa chache bila kugusa jiwe.

Kaunta yako ni ya zege ama ya kabati?

Swali hili huamua mengi. Katika nyumba zetu nyingi, kaunta ya jikoni ni bamba la zege lililomwagwa juu ya vikuta vya mawe, kisha likavalishwa vigae, terazo au granaiti. Nyumba nyingine mpya zina kabati za mbao zinazobeba jiwe moja kwa moja.

Kwenye kabati, sinki huning'inia. Usikubali libebwe na silikoni peke yake. Piga hesabu: bakuli la sentimita 50 kwa 40 lenye kina cha 20 hubeba lita 40, yaani kilo 40 za maji, kabla hujaweka sufuria. Fundi wa kabati na aweke fremu ya mbao au ya chuma inayoubeba mdomo kutoka chini, na vishikio vinavyouvuta kwenye jiwe. Silikoni ibaki na kazi yake ya kuzuia maji.

Kwenye zege kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchimba juu ya zege kitako kinacholingana na unene wa mdomo, kulikalisha sinki hapo, kisha kulaza jiwe juu yake. Ni imara sana kwa sababu zege ndilo linalobeba. Lakini siku sinki likitoboka, hutalitoa bila kuling'oa jiwe, na jiwe linalong'olewa mara nyingi huvunjika. Njia ya pili ni kulikata zege tundu pana kuliko mdomo wenyewe, ili sinki liingie na kutoka kwa chini, likishikwa na vyuma vilivyofungwa kwenye zege. Ni kazi zaidi, na utafaidika nayo siku ya kubadilisha. Kabla ya kukata, mwite fundi wa ujenzi aangalie nondo zimepita wapi; usiache kipande cha zege cha mbele kikining'inia bila chuma ndani yake.

Kagua pia kama vikuta vinavyobeba zege vina nyufa. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, na palipojazwa bila kushindiliwa, nyumba huendelea kutulia polepole. Ufa ulioanza ukutani utapanda hadi kwenye jiwe, hivyo urekebishe kwanza.

Jiwe gani linakubali?

Granaiti inafaa. Nyingi inayouzwa nchini huletwa kutoka India na China, na unene wa milimita 20 hivi unatosha. Ile nyeusi inayopendwa sana hupendeza, lakini hutangaza kila tone la maji lililokauka na kila silikoni nyeupe. Agiza silikoni nyeusi au isiyo na rangi. Marumaru ni laini zaidi, na ndimu na siki huila, kwa hiyo ukingo wake hufifia haraka. Terazo inafaa ikiwa ukingo umesuguliwa na kupakwa dawa ya kuzuia maji; lakini kata nje tu, maana ukingo wake humeguka upesi kuliko granaiti.

Mbao za vumbi lililoshindiliwa, hata zikivalishwa fomika nzuri, usiziwekee sinki la chini. Ukingo uliokatwa utakunywa maji na kuvimba. Kaunta ya vigae nayo ina viungo vingi mno pembezoni. Hapo pachika sinki la juu.

Hesabu ya tundu

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Milimita 3 pande zote maana yake ni kuongeza milimita 6 kwa urefu na milimita 6 kwa upana. Bakuli lenye nafasi ya ndani ya milimita 500 kwa 400 linataka tundu la milimita 506 kwa 406. Fundi akiongeza 3 tu, kila upande utabaki na milimita moja na nusu, na hiyo si njia yoyote kati ya zile tatu.

Pima mdomo pia. Ukiwa na upana wa milimita 20 na ukaonyesha 3, zinabaki 17 za kushikana na jiwe, na zinatosha. Ukionyesha 10, umebakiwa na nusu tu, na sinki halina pa kushikwa.

Masinki mengi huja na kartoni ya kuchorea. Usiiamini peke yake. Nunua sinki kwanza, lifikishe kwa mkata jiwe, na achore kwa kulizungushia penseli sinki lenyewe. Masinki mawili ya jina moja yanaweza kupishana milimita kadhaa, hasa kwenye pembe. Kisha chora wewe mwenyewe kwenye karatasi picha ya ubavuni: jiwe juu, mdomo chini, na namba katikati. Andika pande zote nne, pamoja na mahali pa tundu la mfereji, ambalo kwa mifereji mingi ni kipenyo cha milimita 35. Wewe na fundi muweke sahihi. Fundi wangu wa mara ya pili alikuwa mstaarabu: hakukasirika nilipomwomba hivyo. Alisema karatasi inamlinda yeye pia.

Kukata na kung'arisha

Pembe za tundu ndipo jiwe hupasukia. Fundi anayejua kazi hutoboa kwanza kila pembe kwa drili ya mviringo yenye almasi, kisha hukata mistari iliyonyooka kutoka tundu hadi tundu. Anayekata kwa diski moja kwa moja hadi kwenye pembe huacha mikwaruzo iliyopitiliza, na kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Ukingo wa ndani usuguliwe kwa pedi, kutoka zile zenye chembe kubwa hadi zile laini, mpaka ung'ae kama uso wa juu. Usikubali "hapo hapaonekani, mama." Ukikata nje, panaonekana kutoka kila upande; ukikata ndani, hata sehemu ya chini iliyojitokeza lazima isuguliwe, la sivyo itashika uchafu kama msasa.

Jiwe likatwe kwa maji, na ikiwezekana karakanani. Vumbi la granaiti lina silika, na silika ikivutwa kwa miaka huharibu mapafu bila tiba ya kuyarudisha. Kwa njia zetu za murami, jiwe lililotobolewa lisafirishwe likiwa limesimama, na ubao ufungwe kwenye ile mikanda miembamba ya mbele na nyuma ya tundu.

Silikoni

Kabla ya kupaka chochote, lijaribuni sinki likiwa kavu. Lishikilieni mahali pake, mwangalie pande nne, mpitishe rula. Kosa likionekana sasa, bado linarekebishika.

Nunua silikoni halisi yenye dawa ya ukungu, isiyo na harufu kali ya siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na inaweza kutia doa marumaru na mawe mengine. Futa mdomo na sehemu ya chini ya jiwe kwa spiriti, kisha upake silikoni papo hapo. Kwa vumbi letu, ukienda kunywa chai kwanza itabidi ufute tena. Paka mstari mmoja usiokatika, bana, na subiri silikoni ichomoze kidogo kuzunguka pande zote. Mahali ambapo haikuchomoza pana pengo. Futa iliyozidi palepale.

Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo wakati wa kiangazi, ngozi yake ya juu ikiwa imeshika, ndani huwa bado laini. Ipe siku mbili kabla ya kuweka maji. Na mtu asikushauri ujaze kiungo hicho kwa saruji nyeupe. Chuma hutanuka ukimwaga maji ya moto ya githeri, jiwe halitanuki kiasi hicho, na saruji haina mnyumbuko. Itapasuka, na maji yatapita kwenye nyufa zake.

Kagua kabla ya kumaliza malipo

Bakisha sehemu ya malipo hadi jaribio liishe. Ziba sinki, lijaze maji hadi yakaribie ukingo, uliache usiku kucha. Asubuhi pitisha karatasi ya shashi chini, kuzunguka mdomo wote na kwenye bomba. Ikibaki kavu, endelea. Weka pimamaji mbele ya sinki uone kama jiwe limebonyea. Pitisha kidole kwenye kiungo chote: usihisi pengo wala kipande kinachokwaruza. Kisha pima kijukwaa kwa rula katikati ya kila upande. Kikiwa 3, 3, 3 na 4, mshukuru fundi. Kikiwa 1 na 6, sinki halikuwekwa katikati, na arudie kabla hujamlipa salio.

Baada ya hapo kazi ni yako, nayo ni ndogo. Kila jioni futa kijukwaa kwa kitambaa kilichokamuliwa, hasa pembe mbili za nyuma, maana majani ya chai na sukuma wiki hupenda kukaa huko. Silikoni ikianza kuwa nyeusi au kuachia, ikate yote kwa wembe, kausha, na upake mpya. Usipake juu ya ya zamani, haishiki.

Kwa wewe ambaye tayari una sinki lililokatwa ndani, huhitaji kubomoa. Chukua kioo kidogo na tochi leo jioni, angalia chini ya ukingo. Sugua kwa mswaki wa zamani wenye sabuni, kisha fanya hivyo kila wiki. Nilikaa hivyo miaka mitatu kabla ya kupata pesa za jiwe jipya.

Jiwe jipya lilipofika, fundi alikuwa mwingine, kijana, naye akaniuliza swali lile lile, penseli mkononi. Safari hii sikuwa na birika. Nilikuwa na karatasi. "Nje," nikamwambia, "milimita tatu, pande zote nne." Akaitazama picha, akaigeuza upande aliosimama, akaanza kuchora.